Kikombe Ambacho Dada Yuk-sim Hakumpa Mzee Pang

Mtu akikuambia mara moja kwamba hakuna kitakachobadilika, mwitikie kwa adabu. Akikuambia mara ya pili, mtazame usoni. Akirudia mara ya tatu, tena amepanda ndege siku nzima kuja kukwambia, shika kibeti chako ukikalie. Mimi maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko miavuli niliyoshona, na miavuli niliyoshona ukiipanga inafika mwezini na kurudi, tena mmoja unabaki kule wa kumkinga yule sungura akaaye mwezini.

Kaeni basi. Uongo wangu nitautia kwenye mambo madogo tu. Makubwa yote ni kweli.

Dada Yuk-sim alikuwa akichuja chai kwenye kibanda cha Mzee Pang, pale ngazi za mtaa wetu zinapopumua kabla ya kupanda tena, hapa Hong Kong. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati ya kijani, meza tatu, vigoda kumi na kimoja, na mimi pembeni na sindano zangu. Chai alikuwa akiichuja kwa mfuko wa kitambaa uliokwishageuka rangi ya mguu wa mbeba mizigo, akiimimina kutoka birika hili kwenda lile, juu juu kabisa, mara saba, halafu maziwa ya kopo. Chai ile! Kijiko kilisimama wima kikapiga saluti. Kuna mzee wa ghorofa ya tatu alikufa asubuhi, harufu ikampanda dirishani, akaamka, akashuka ngazi, akanywa, akalipa, akarudi kufa vizuri. Watoto wake walilalamika, maana walikuwa wamekwisha kulia.

Yuk-sim alikuwa mtu wa Shunde, bara, kwenye viwanda vya hariri. Kule, msichana hubeba msuko mgongoni, na mke hufunga nywele fundo kisogoni. Sasa walikuwako wasichana waliokataa mama mkwe na kipigo, wakataka kula jasho lao wenyewe. Hao walijifunga fundo bila mume. Yuk-sim alikuwa na miaka kumi na tisa dada mmoja mkubwa alipomchana mbele ya Kun Yam, mama wa huruma, akaapa: sitaolewa, si leo, si kesho. Toka siku ile watu wote, hata wazee, wakamwita Dada. Akaja Hong Kong kulea watoto wa tajiri, na walipokua wakasahau jina lake, akaja kibandani. Miaka ishirini na sita. Fundo lake halikuwahi kuyumba, hata kimbunga kikipita.

Na wenzake walikuwa na nyumba yao moja, upande wa pili wa ghuba, wamechangiana wakaijenga. Huko ndiko wazee wao hukaa, na huko, dada akifa, kibao chenye jina lake huwekwa madhabahuni, apate mtu wa kumchomea ubani. Kwa mtu asiye na mume wala mtoto, jambo hilo ni kubwa kuliko jeneza. Lakini anayevunja kiapo, kibao chake hakiingii mlangoni. Atabaki mzimu wa njiani, anaomba makombo kwenye matambiko ya watu.

Haya, shida ilikuwa hii. Leseni ya kibanda ilining'inia kwenye fremu, na picha ndani yake ilikuwa ya Mzee Pang. Mzee alikuwa mjane asiye na mtoto, miaka sabini na minane, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wa banda la kuku. Sheria ilisema mwenye leseni akifa, leseni inakwenda kwa mume au mke wake. Mwingine yeyote, la. Hata kama amechuja chai mpaka mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Mzee akifunga macho, lori linakuja, mabati ya kijani yanakuwa chapati.

Yuk-sim alikuwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwa na kitu kingine duniani ila kibanda mchana na nyumba ya dada zake uzeeni.

Miaka ile ndiyo wakubwa walikuwa wakizungumza. Waingereza walikuwa na mkataba wa kukaa kwetu, mkataba unakaribia kwisha, na Peking wanataka nchi yao. Kila majuma machache mjumbe wa London alishuka kwenye ndege, akaenda kuzungumza, akarudi akasimama mbele ya vinasa sauti: mazungumzo yalikuwa ya manufaa. Basi. Watu mtaani wakakesha wakichambua. Safari iliyopita alisema ya manufaa na ya kirafiki, leo kirafiki kimekwenda wapi? Kimeliwa? Jirani yangu aliposikia neno limepungua, alikwenda kununua karatasi za chooni magunia manne. Nikamuuliza, shoga, nchi ikibadilisha bendera, wewe tumbo lako linabadilika nini?

Ndipo tukaletewa habari kwamba mjumbe mwenyewe atakuja mtaani kwetu, akae na wananchi, anywe chai, awatulize roho.

Aliyeleta habari alikuwa Bwana Szeto wa ofisi ya leseni. Kijana wa kwetu, shingo nyembamba, Kiingereza anakitema kama mbegu za tikiti. Yeye ndiye aliyekuwa akitukagua vibanda, kwa hiyo wakamwazima awe mkalimani. Akaja na watu wawili na ndoo ya rangi ya kijani.

"Mama, hivi vigoda vyote vya nini?" akauliza.

"Vya kukalia, baba," Yuk-sim akamjibu. "Ninyi mnakalia nini huko ofisini?"

"Na huyu bibi wa miavuli atahama siku hiyo."

"Mimi?" nikasema. "Nilikuwa hapa kabla ya hizi ngazi. Walijenga ngazi ili wanifikie."

Mzee Pang akacheka, akakohoa, akacheka tena. Szeto akaandika kitu. Halafu akamwambia Yuk-sim kwamba ataruhusiwa kumwuliza mjumbe swali moja, juu ya mustakabali.

"Ninalo," akasema. "Mzee akifa, leseni iandikwe jina langu."

"Mama, hilo si mustakabali. Hilo ni suala la ofisi."

"Mzee atakufa lini, baba? Jana?"

"Wee!" Mzee Pang akapiga meza. "Niko hapa nasikia!"

Siku ikafika. Mjumbe alikuwa mrefu, mpole, uso wake umeoshwa na subira. Rangi ya kibanda haijakauka, akaegemea, akaondoka na kijani begani, hakuna aliyethubutu kumwambia. Akanywa chai. Nilimwona macho yanamtoka. Nadhani hajawahi kunywa chai inayomnywa yeye. Wapiga picha wakapigana viwiko. Szeto akamwashiria Yuk-sim.

Yuk-sim akauliza lile lile, neno kwa neno, ameshika birika kama mtu aliyeshika mtoto wake. Szeto akatafsiri, jasho likimshuka. Mjumbe akasikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri. Akasema maneno mengi, na Szeto akatuletea:

"Anasema anaelewa wasiwasi wako. Anakuhakikishia kwamba maisha yako hayatabadilika. Sheria zilizopo zitabaki kama zilivyo, kwa muda mrefu sana."

Yuk-sim akamgeukia Szeto. "Umemwambia vizuri?"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena. Mwambie sheria ikibaki kama ilivyo ndiyo inaniua. Mimi naomba ibadilike! Mstari mmoja tu! Wabadilishe huo mmoja, mingine yote waiache miaka elfu!"

Szeto akasema kitu kifupi, kifupi mno. Mjumbe akatabasamu, akaushika mkono wa Yuk-sim, ule mrefu, akautikisa. Watu wakapiga makofi. Akaenda zake na kijani chake begani.

Yuk-sim alibaki amesimama. Halafu akaipiga sufuria teke, mtu ambaye sikuwahi kumwona akipiga hata nzi. "Nimemwambia nyumba inavuja," akasema, "ananihakikishia kwamba tundu halitazibwa!"

Jioni ile ile, kabla hatujafunga, Szeto akarudi peke yake. Mwavuli wake ulikuwa kwangu. Akasimama akiuzungusha mkononi. "Mama," akamwambia Yuk-sim bila kumtazama, "mimi sikusema kitu. Lakini sheria inasema mume au mke. Haisemi tangu lini." Akateremka ngazi kama mwizi.

Mzee Pang akajikuna sikio. "Basi tuandikishane," akasema. "Asubuhi moja tu. Nina koti."

"Mzee," Yuk-sim akasema polepole, "ungekuwa na meno ningekuvunja."

"Mimi nakupa kibanda!"

"Unaninyang'anya kibao changu! Nitakunywa chai gani nikiwa mzimu?"

Hawakusemeshana siku tatu. Mimi ndiye niliyebeba maneno: mwambie sukari imekwisha, mwambie najua, mwambie basi anunue, mwambie aniombe mwenyewe. Miguu ilinivimba kwa kubeba maneno ya hatua mbili.

Siku ya nne nikamwambia twende kwa dada zako tukaulize. Tukavuka ghuba. Dada Mkubwa Kwai-lan, ndiye aliyemchana Yuk-sim siku ile ya kiapo, alikuwa na miaka themanini na minne, kipofu jicho moja, na lile jingine lilikuwa linaona kwa mawili. Akasikiliza, akitafuna tunda la chumvi. Dada wengine saba wakasikiliza nyuma yake kama nyani wa hekalu.

"Ndoa ni nini?" akauliza.

Wale saba wakatazamana. Wangejuaje?

"Wewe wa miavuli, uliolewa. Ndoa ni nini?"

"Ni kupika kwa ajili ya mtu anayelalamika," nikasema.

"Hiyo ni kazi. Ndoa ni mambo matatu. Kufungua fundo akufunge mwingine. Kuinamia wazee wake waliokufa. Na kumpa chai kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa yake. Karatasi ya ofisi imo humo?"

"Haimo," wakasema wale saba.

"Basi karatasi ni karatasi. Kun Yam hasomi Kiingereza. Yuk-sim, kaandikishe. Lakini fundo lisiguswe, wazee wake usiwainamie, na toka siku ile kikombe kisitoke mkononi mwako kuingia mkononi mwake. Hata kimoja. Nikisikia kimoja, kibao chako hakuna."

"Dada Mkubwa," Yuk-sim akasema, "mimi kazi yangu ni kuwapa watu chai."

"Watu wape. Yeye usimpe."

Wakaandikishana Jumanne moja. Mimi nilikuwa shahidi. Nikatia kidole kwenye wino, sijui kusoma, kwa nilivyojua ningeweza kuwa nimenunua punda. Mzee alivaa koti. Yuk-sim alivaa aproni, ili Kun Yam asichanganyikiwe.

Halafu mateso yakaanza. Mzee Pang alikuwa amekunywa chai kutoka mkono ule miaka ishirini na sita. Sasa Yuk-sim anamimina, anaweka kikombe mezani, anarudi hatua mbili, mikono nyuma kama askari wa lango, na mzee anakwenda kukichukua.

"Imepoa ikiwa njiani," mzee akasema.

"Meza iko mbali kiasi gani?"

"Mbali kama London."

Siku nyingine alinyoosha mkono kwa hila, kikombe hakijagusa meza, na Yuk-sim akakiachia hewani. Kikapasuka. Vikapasuka kumi na vinne mwezi ule. Mzee akasema amekuwa mume asiyeonja hata faida ya mteja.

Na mjumbe akarudi! Watu walikuwa wamezidi kununua karatasi za chooni, kwa hiyo akaletwa tena atulize, na Szeto na ndoo yake. Safari hii mpiga picha alitaka kitu cha kugusa moyo. Szeto akatafsiri, macho chini:

"Wanaomba mke wa mwenye kibanda ampe mumewe chai. Kwa mikono miwili, kama desturi. Ionekane kwamba maisha yanaendelea."

Nikamwona Yuk-sim anakuwa mweupe kama kopo la maziwa. Akitoa, kibao kimekwenda. Akikataa mbele ya ofisa wa leseni, ofisa atasema mke gani huyu asiyempa mumewe chai? Kikombe kilikuwa kimejaa mkononi mwake. Mjumbe anangoja kwa subira yake. Mzee Pang naye, mungu amsamehe, alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili, anatabasamu kama mtoto aliyeona sahani ya nyama.

Nikainuka. Nikamnyang'anya Yuk-sim kikombe, nikakitoa kwa mikono yangu miwili, nikapiga goti, mzee akakipokea kwa mazoea kabla hajaona ni nani. Taa zikawaka, paf, paf! Mjumbe akasema lile neno lake, Szeto akalileta: hakuna kitakachobadilika. Ajabu ya mtu! Mimi hapo hapo nilikuwa nimeolewa mara ya pili, na mjumbe wa London shahidi.

Kesho yake gazeti likatoa picha, mimi nimepiga goti, na chini yake wameandika, kama nilivyosomewa: mke wa muuza chai ana imani na mustakabali. Imani! Nilikuwa na sindano mdomoni.

Mzee Pang hakuvuka majira ya baridi. Asubuhi yake ya mwisho kibandani alikuja na koti lile la Jumanne, akakaa meza ya karibu, na mikono ilikuwa ikimtetemeka. Yuk-sim akamimina, akaweka mezani, akarudi hatua mbili. Mzee akajaribu kukiinua. Chai ikamwagika. Akajaribu tena, ikamwagika.

"Sim," akasema. Hakusema Dada. "Sitaki kitu kingine. Nipe mkononi mara moja, mimi nife nikiwa mteja wako."

Yuk-sim akanitazama. Mimi nikakumbuka kwamba nina mwavuli mmoja ambao ubavu wake umelegea tangu mwaka juzi. Nikageuka ukutani, nikaushona kwa makini sana. Nilishona mpaka nikashona sketi yangu pamoja. Nyuma yangu nikasikia mtu anakunywa polepole, na baadaye, mtu anapenga kamasi. Nilipogeuka, kikombe kilikuwa mezani, kitupu. Zaidi ya hapo mimi sikuona, na ambacho sikuona siwezi kukiapia.

Alikufa siku ya tatu. Juma halijaisha, Bwana Szeto akaja na lori. Yuk-sim akampa cheti cha ndoa. Akakisoma, akapumua, akatoa gazeti mkobani.

"Wakubwa wangu wananiuliza," akasema. "Hapa mke wa Pang ni huyu bibi wa miavuli. Cheti kinasema ni wewe. Mke ni yupi?"

Dereva akawasha lori. Yuk-sim alikuwa ameshika birika kwa mikono yote miwili, na nilijua akifungua mdomo ataeleza kila kitu, kiapo, kikombe, Kun Yam, na tutakwisha.

"Baba," nikamwambia Szeto, "andika kwamba gazeti limekosea."

"Siwezi kuandika hivyo. Hii ndiyo picha ya mjumbe. Imekwenda mpaka London."

"Basi andika kwamba mjumbe alimtuliza mke ambaye si mke. Wataanza kuuliza na lile neno lake kama lilikuwa neno. Watu wakisikia, karatasi za chooni zitakwisha dunia nzima. Andika, mwanangu. Tia sahihi yako hapo chini, herufi kubwa."

Szeto akalitazama gazeti. Akanitazama mimi. Alionekana kama mtu aliyetafsiri maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumwuliza yeye anasemaje. "Bibi," akasema, "nimechoka na ninyi."

"Na sisi tumechoka na ninyi. Ndiyo maana tunaelewana."

Akalikunja gazeti mara nne, akaliingiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Akaomba chai. Akatoa picha ya Mzee Pang kwenye fremu, akaandika jina la Yuk-sim, na lori likateremka tupu.

Ikabaki upande wa pili wa ghuba. Yuk-sim aliogopa kwenda, nikaenda mimi na pakiti ya chai. Dada Mkubwa Kwai-lan alikuwa pale pale, anatafuna.

"Mwisho ulikuwaje?" akaniuliza. "Alimpa kikombe?"

Lile jicho moja likanichimba. Mimi nikanyoosha mgongo, nikaosha uso wangu kwa subira, nikatazama juu kidogo ya kichwa chake, pale wakubwa hutazama.

"Dada Mkubwa," nikasema, "naelewa wasiwasi wako. Nakuhakikishia, hakuna kilichobadilika."

Akatafuna muda mrefu. Kisha akaichukua ile chai, akainusa, akamwagiza mmoja wa wale saba akafute vumbi mahali pa kibao cha Yuk-sim.